Deni la Shilingi 950



Wale wanaokusanya karatasi za maombi siku ya Jumatano wanajua kuna ombi moja ambalo wazazi wetu hawakulijua. Katikati ya maombi ya ndoa, ya watoto, ya visa na ya kazi, mtu anaandika: "Niombeeni jina langu litoke CRB." Wengi hawaandiki jina lao. Wanaandika hivyo tu, wanakunja karatasi mara nne, wanaitumbukiza kwa kikapu.

Tunaombea hayo, na tutaendelea. Lakini ndani ya ombi hilo kuna swali, na juma hili nataka tulifungue pamoja. Jina langu likitoka CRB, je, limekuwa jina jema? Na alama yangu ya mkopo ikipanda, je, mimi nimekuwa mtu mwaminifu, ama nimejua tu kuipendeza kompyuta?

Nawaomba msome mpaka mwisho, hata wewe ambaye hujawahi kuwekwa CRB. Hasa wewe.

CRB ni nini hasa

Kwanza tuondoe hofu. CRB si pepo na wala si mahakama. Ni ofisi ya kutunza kumbukumbu za mikopo. Hapa Kenya kanuni za kwanza zilitungwa 2008, na kazi yenyewe ikashika mwaka wa 2010. Miongoni mwa ofisi zenye leseni ya Benki Kuu ni TransUnion, Metropol na Creditinfo. Mwanzoni zilipokea habari za wale walioshindwa kulipa peke yake. Ndiyo maana mpaka leo tukisikia neno CRB tunashika kichwa. Kanuni za mwaka 2013 zikaleta habari nzuri pia. Ukilipa vizuri, inaandikwa umelipa vizuri.

Kwa hivyo, mpendwa, kama umewahi kukopa benki ama kwa simu, jina lako liko CRB. Kuwa huko si aibu. Kinachouma ni kuwa huko kwa ubaya, yaani mkopo umekaa zaidi ya siku 90 bila kulipwa na aliyekukopesha akapeleka habari hiyo. Hata hapo sheria inakulinda: anapaswa kukujulisha kabla hajafanya hivyo, ili upate nafasi ya kulipa ama kusema kama kuna makosa.

Kutokana na kumbukumbu hizo ofisi inapiga hesabu na kukupa alama. Kwa Metropol, kwa mfano, alama inaanzia 200 hadi 900, na ya juu ndiyo nzuri. Benki ikiona alama ya juu, inakuona wewe si hatari. Ikiona ya chini, inakunyima, ama inakupa kidogo kwa bei ghali. Na si benki tu. Kuna waajiri wanaotaka cheti cha CRB kabla ya kukupa kazi. Kijana amemaliza chuo, ana mkopo mdogo wa simu aliousahau tangu mwaka wa pili, na anausikia tena siku ya kutafuta kazi. Hilo ni jambo la kweli, na halipaswi kuchekwa.

Basi alama inapandishwa namna gani? Niseme kwa ufupi, kwa sababu hii nayo ni huduma.

Kwanza, tafuta ripoti yako uisome. Una haki ya kupata nakala moja bure kila mwaka. Wengi wanaogopa ripoti kama mtu anayeogopa kupima presha, na presha haishuki kwa kutopimwa. Ukikuta kosa, labda mkopo uliolipa bado unaonyesha hujalipa, una haki ya kulalamika na wao wana wajibu wa kuchunguza.

Pili, lipa kwa siku. Hakuna ujanja unaoshinda huo. Historia ya kulipa kwa wakati ndiyo inayobeba uzito mkubwa.

Tatu, acha kukopa hapa ulipe pale. Ukiomba mikopo mitano ndani ya mwezi mmoja, kila anayetazama rekodi yako anaona mtu anayezama.

Nne, limiti si mshahara. Ukiongezewa limiti kutoka 3,000 hadi 8,000, hujapata nyongeza ya mapato. Umeongezewa urefu wa kamba. Kamba unaweza kuitumia kuteka maji, na unaweza kujifunga nayo.

Hapo tupige hesabu kidogo. M-Shwari ilipoanza Novemba 2012, ada yake ilikuwa 7.5% kwa mkopo wa siku 30. Chukua 4,000, ada ni shilingi 300. Haionekani kubwa. Lakini mtu anayeirudia kila mwezi, mwaka mzima, atakuwa ametoa 3,600 kwa ajili ya kutumia zile zile 4,000. Karibu anunue pesa yake mara mbili. Linganisha na Hustler Fund iliyozinduliwa Novemba 2022 kwa riba ya 8% kwa mwaka: 4,000 kwa siku 14 inagharimu kama shilingi 12 hivi. Kabla hujakubali mkopo, uliza bei yake ni ya mwezi ama ya mwaka. Kuuliza bei si ukosefu wa imani.

Tano, ukimaliza kulipa, hakikisha imeandikwa umelipa. Na uwe na subira, kwa sababu kumbukumbu ya kuchelewa hubaki miaka 5 baada ya deni kuisha. Hilo nitalirudia.

Fanya hayo matano na alama yako itapanda. Huhitaji mtu yeyote anayekutumia ujumbe akisema atakufuta CRB kwa shilingi 2,000. Hakuna mlango wa nyuma. Anayekuuzia mlango wa nyuma anakuuzia ukuta.

Sasa tuje kwa swali.

Shilingi elfu moja

Mwaka 2020 kanuni zilibadilishwa. Pamoja na mambo mengine, ilisemwa kwamba mkopo ulio chini ya shilingi 1,000 hautapelekwa CRB kwa ubaya. Ilikuwa sheria ya huruma, na nzuri. Kulikuwa na watu wamefungiwa maisha kwa sababu ya shilingi 200 za simu. Serikali ikasema, huko ni kuwaonea wadogo.

Lakini sheria hiyo, bila kukusudia, imechora mstari chini. Juu ya mstari, mtu anatazama. Chini ya mstari, hakuna anayetazama. Na mimi nauliza: je, deni la shilingi 950 ni deni?

Kila mtu atajibu haraka: ni deni, pasta. Sawa. Basi hebu tuchukue mifano miwili, na nasisitiza ni mifano, mtu asianze kuangalia jirani.

Kuna ndugu mmoja, alama yake ni 780. Benki inampigia simu yenyewe kumuuliza kama anataka mkopo wa gari. Hajawahi kuchelewa hata siku moja. Lakini ana sukuma na nyanya alizokula tangu mwezi wa pili, 950, kwa mama mboga wa pale kona. Fundi aliyemwekea mabomba ya maji anadai 800 zilizobaki. Msichana wa kazi alienda nyumbani Krismasi akiahidiwa kwamba zile za wiki ya mwisho zitatumwa. Hazikutumwa.

Kuna dada mwingine. Ameorodheshwa CRB. Mama yake alilazwa, akakopa kwa simu mara tatu ndani ya wiki mbili, akashindwa. Lakini kwa duka la mtaa amelipa kila kitu. Amempigia kila anayemdai. Kila Ijumaa anatuma 200 hapa, 150 pale, na anaandika kwa daftari.

Mwenye jina jema hapo ni nani? Ukiuliza kompyuta, itakupa jibu ndani ya dakika moja, na litakuwa jibu sahihi kwa lile swali kompyuta iliulizwa. Kompyuta haiulizwi kama wewe ni mwadilifu. Inaulizwa kama benki ikikupa pesa itazipata tena. Hayo ni maswali mawili tofauti, na tatizo letu ni kwamba tumeanza kuyachanganya. Tumeanza kumwona mwenye alama ya juu kama mtu mzuri, na aliyeorodheshwa kama mtu wa kuepukwa.

CRB inaona deni ambalo mwenye kudai ana kompyuta. Deni ambalo mwenye kudai ana daftari la kurasa 48 na kalamu iliyofungwa kwa uzi, hilo haioni.

Kulipa kwa hofu

Kuna mtu atasema: "Pasta, huyo wa 780 angalau analipa benki. Kulipa ni kulipa." Namkubalia nusu. Kulipa kwa hofu ni bora kuliko kutolipa. Mtoto huanza kupiga mswaki kwa kuogopa mama, na siku moja anajikuta anapiga bila kuambiwa. Hofu inaweza kuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Simlaumu mtu aliyeanza kulipa madeni kwa sababu ya CRB. Mshukuru Mungu kwa hiyo CRB.

Lakini mwalimu wa darasa la kwanza hakufundishi mpaka chuo kikuu. Kuna wakati lazima ijulikane kama somo limeingia, na mtihani wake ni lile deni lisilo na mtazamaji. Ukilipa mkopo wa 40,000 kwa siku, sijui bado wewe ni nani. Labda ni mwaminifu, labda ni mwoga, labda una mipango ya kukopa 400,000. Lakini ukilipa 950 kwa mtu ambaye hawezi kukufanya lolote, hapo hakuna sababu nyingine iliyobaki. Imebaki wewe na ukweli.

Ndiyo maana nasema deni dogo ndilo kipimo kikubwa. Luka 16 inatufundisha hivyo hivyo, kwamba uaminifu katika kidogo ndio unaoonyesha uaminifu katika kikubwa. Sisi tumeigeuza. Tunakuwa waaminifu katika kikubwa, kwa sababu kikubwa kina meno, halafu kidogo tunakiacha kwa sababu hakiumi.

Hesabu ya mama mboga

Kuna hoja nyingine, na hii ni nzito zaidi. Nilisoma biashara chuoni, na darasani tungesema ndugu wa 780 ameamua vizuri. Pesa ni kidogo, madeni ni mengi, unaanza na lile lenye riba na adhabu. Lisilo na riba linangoja. Hiyo ni hesabu sahihi, hata mimi ningepata alama kamili kwa kuiandika.

Shida ni kwamba hesabu hiyo ina upande mmoja tu wa karatasi. Hebu tugeuze karatasi.

Mama mboga ana mtaji wa 5,000. Huo ndio wote. Anaamka saa tisa usiku, anaenda Marikiti, ananunua, anarudi, anapanga kwa meza. Ana wateja watano ambao ni watu wa heshima, wengine ni washirika wa kanisa. Kila mmoja anamwambia, "Mama, niandikie, mwisho wa mwezi." Kila mmoja anafika 950. Mwisho wa mwezi unapita, kila mmoja analipa kwanza mkopo wenye adhabu.

Tano mara 950 ni 4,750. Mama mboga amebaki na 250. Kila mmoja wa wale watano ni safi kwa rekodi. Hakuna hata mmoja aliyefika elfu moja. Kila mmoja akiulizwa atasema, "Ni kadeni tu, hata hakajafika elfu." Lakini meza imekufa.

Sasa mama atafanya nini? Watoto wako shule. Anafungua simu, anakopa 4,500 ili arudi sokoni. Zile 4,500 ziko juu ya mstari. Wale watano hawamlipi bado, anauza kwa shida, anachelewa. Siku 90 zinapita. Nani ameenda CRB?

Ni yeye. Yule aliyekukopesha bila riba, bila fomu, bila kuuliza alama yako, ndiye jina lake limechafuka. Na lako limebaki 780.

Hapo ndipo naona jambo ambalo hesabu ya darasani hainionyeshi. Tumemwadhibu kwa sababu ya wema wake. Benki imeweka adhabu, kwa hivyo tunaiheshimu. Mama hajaweka, kwa hivyo anangoja. Angekuwa mkali tungemlipa. Tunafundisha mtaa mzima kwamba upole haulipi, halafu Jumapili tunakuja kuhubiri upole.

Simwambii mtu aache kulipa benki ili alipe mboga. Deni la benki nalo ni deni, pesa zile ni akiba za watu. Ninachosema ni kwamba 950 haiwezi kukosekana kwa mtu anayepata 40,000 ya mkopo. Inakosekana kwa sababu hatujaiandika popote. Iandike.

Kama huna kabisa

Najua kuna anayesoma hapa akiwa na uchungu, akisema, "Pasta anaongea kama mtu mwenye pesa. Mimi sina." Mpendwa, nimekusikia.

Daudi katika Zaburi ya 37 anamtaja mtu anayekopa asirudishe, na anamweka upande wa waovu. Andiko hilo linatisha, na wakati mwingine limetumiwa kuwapiga maskini. Lakini ukisoma 2 Wafalme 4 unamkuta mjane mwenye deni, mdai amekuja kuchukua watoto wake wawili, na hakuna mahali anaitwa mwovu. Hakuwa na uwezo, lakini hakujificha. Alienda akasema.

Angalia pia utaratibu wa Elisha. Hakuombea deni lipotee. Hakumwambia mdai ni adui. Alimuuliza mama ana nini nyumbani, na muujiza ulipotokea, alimpa maagizo ya fedha yenye mpangilio: uza mafuta, lipa deni, kisha wewe na wanao muishi kwa kinachobaki. Deni lilitangulia matumizi. Hata pesa ya muujiza ilipitia kwa mdai kwanza.

Kwa hivyo tofauti kati ya mtu aliyeshindwa na mtu mdanganyifu haiko kwa mfuko. Iko kwa mdomo na miguu. Aliyeshindwa anapiga simu kabla ya siku ya kulipa, anasema, "Nilisema tarehe tano, sitaweza, nina 100 leo." Mdanganyifu anabadilisha njia ya kupitia. Unajua mama anakaa kona ile, sasa unazunguka na ya nyuma, hata kama kuna matope. Ukijikuta unazunguka njia, simama hapo hapo, kwa sababu miguu yako imeshakiri kile mdomo umekataa.

Na kwa upande wa wale wanaodai, Biblia haikunyamaza. Torati 24 inamwambia mwenye kudai asiingie nyumba ya mdaiwa kuchukua rehani. Asimame nje, angoje aletewe. Fikiria hilo: mtu ana haki ya pesa yake, lakini mlango wa mwenzake bado ni mlango. Kuna mikopo ya simu ambayo iliingia bila kubisha. Ilichukua namba za watu kwa simu yako, ikampigia mkwe wako, mkubwa wako wa kazi na mwalimu wa mtoto, ikiwaambia wewe ni mwizi. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zimekataza hayo. Yule anayekudai ana haki ya kudai, lakini hana haki ya kukuvua nguo. Wewe mshirika unayedai mwenzako kwa kikundi cha WhatsApp cha ushirika wa nyumbani mbele ya watu 60, hilo nalo linakuhusu.

Msamaha na uaminifu

Nilisema nitarudia ile miaka 5. Watu huniuliza, "Mungu amenisamehe, mbona CRB haisahau?" Ni swali zuri. Jibu langu ni kwamba msamaha unatolewa mara moja, lakini uaminifu unalipwa kwa awamu. Ndugu yako anaweza kukusamehe leo jioni, na bado asikupe tena funguo za duka mpaka aone miezi kadhaa. Hajakuchukia. Anajifunza kukuamini upya. Ile miaka si laana ya kuvunjwa kwa kukemea. Ni nafasi ya kuandika historia nyingine juu ya ile ya zamani, mwezi kwa mwezi.

Novemba 2022 Benki Kuu ilitangaza mpango kwa waliokwama na mikopo ya simu ya siku 30 au chini: taasisi zitoe punguzo la angalau nusu ya deni, mtu apange kulipa iliyobaki hadi mwisho wa Mei 2023. Kuna washirika waliuliza kama ni dhambi kupokea punguzo kama hilo. Si dhambi. Mwenye kudai akisamehe kwa hiari yake, amesamehe, pokea kwa shukrani. Lakini Mathayo 18 iko pale pale. Mtumwa aliyesamehewa deni kubwa alitoka nje akamkaba mwenzake kwa deni dogo. Ukisamehewa nusu, usiende kumkaba wa chini yako. Na usitumie nusu iliyobaki mfukoni kununua simu mpya kabla 950 hazijafika pale kona.

Sadaka na daftari

Sasa niseme jambo ambalo mweka hazina wetu atalisoma mara mbili.

Katika Mathayo 5 Yesu anamzungumzia mtu aliye madhabahuni na sadaka yake mkononi, akakumbuka kwamba ndugu yake ana jambo naye. Hamwambii atoe haraka halafu aende. Anamwambia aiache sadaka hapo, aende apatane kwanza, ndipo arudi atoe. Madhabahu inaweza kungoja. Mungu hana meza ya nyanya inayooza.

Kwa hivyo ukiwa umeketi ibadani na una 1,000 kwa bahasha, na unajua kwamba 950 kati ya hizo ni za mama mboga, basi hizo si zako za kutoa. Umeshika pesa ya mtu. Kuzitoa kama mbegu ni kupanda kwa shamba la jirani ukitarajia mavuno yawe yako. Peleka 950 kona, urudi na 50 yako, na utoe hiyo 50 ukiwa umeinua uso. Naamini kanisa halitapungukiwa. Na kama yule mama ameketi kiti cha nyuma yako, ameimba pamoja nawe, ameona bahasha yako ikiingia kwa kikapu, fikiria anaomba nini wakati huo.

Kazi ya juma hili

Chukua karatasi moja, ipige mstari katikati. Upande wa kushoto andika madeni yote ambayo CRB inaweza kuyaona: benki, SACCO, simu. Upande wa kulia andika yale ambayo haiyaoni: duka, mboga, maziwa, fundi, msichana wa kazi, mtu wa boda boda, chama, shemeji, rafiki mliyesoma naye. Kuwa mkweli. Ukisahau, pitia ujumbe wa simu, utakukumbusha.

Upande wa kushoto uendelee kuulipa kwa siku zake, bila kuruka. Upande wa kulia, anza na aliye mdogo kuliko wote. Namaanisha mdogo kwa uwezo, yule ambaye akikosa pesa yako kesho hafungui biashara. Kama unaweza kulipa yote, lipa yote, na useme pole kwa kuchelewa. Kama huwezi, enda na ulicho nacho na utaje tarehe. Usitume ujumbe peke yake, pita pale mwenyewe.

Na wewe unayedai, ukimwona mtu amekuja na 100 kati ya 950, usimfokee kwa sababu amechelewa. Yule amevuka barabara ambayo wengi wanaikwepa. Mwandikie vizuri kwa daftari, mpe maji.

Baada ya hapo, tuletee ombi lako la CRB Jumatano, na wakati huu liandike jina. Tutaomba nawe bila aibu, tukiamini Mungu akufungulie mapato, akupe kiasi, na akukumbushe kila mkono uliokulisha siku ambayo hukuwa na kitu.

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote. Amen.